Nyaya Zilizopigwa Nyutroni

Mjini Vienna, pembeni mwa bustani kubwa ya Prater, kuna kinu kidogo cha nyuklia ambacho hakijawahi kuzalisha umeme wa kuuza. Nguvu yake ni kilowati 250 tu, na kiini chake kimezama ndani ya bwawa la maji safi. Kiliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Machi 1962, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi na kutoa nyutroni za utafiti. Humo ndimo zilimotumbukizwa, mwaka baada ya mwaka, nyaya fupi za majaribio zilizoletwa kutoka viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia. Kila waya ulipimwa kwanza, ukapigwa nyutroni, ukatolewa, ukapimwa tena. Historia ninayoisimulia imepita kwenye maabara nyingi kubwa na maarufu kuliko hiyo, lakini kila mara imerudi kwenye bwawa lile. Swali lenyewe halina mapambo: waya wa sumaku ukikaa jirani na kinu cha myeyungano, utadumu miaka mingapi?

Myeyungano ndio unaolifanya jua liwake. Katika mitambo ya hapa duniani, viini vya deuteri na triti, ndugu wawili wa hidrojeni, hugongana na kuungana. Huzaliwa kiini cha heli na nyutroni moja yenye kasi kubwa mno. Nyutroni hiyo huondoka na asilimia 80 ya nishati yote iliyopatikana. Ili mgongano huo utokee, gesi ya hidrojeni lazima ipashwe moto kupita nyuzijoto milioni 100, na hakuna chuma cha kuistahimili. Kwa hiyo huning'inizwa kwa nguvu ya sumaku, isiguse ukuta. Lakini nyutroni haina chaji, na sumaku haina mkono wa kuishika. Hupenya ukuta, hupenya ngao, na zile chache zinazobaki hufika kwenye koili za sumaku zilizopoozwa hadi Kelvini 4, karibu kabisa na baridi ya mwisho inayowezekana. Kati ya moto ule na baridi ile kuna mita chache tu.

Baridi hiyo inatakiwa kwa sababu koili hutengenezwa kwa superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipoozwa vya kutosha. Heike Kamerlingh Onnes aligundua jambo hilo mwaka 1911 mjini Leiden, Uholanzi, alipoona ukinzani wa zebaki ukitoweka ghafla. Haikumchukua muda kuanza kuota sumaku zenye nguvu ambazo dunia haijaziona. Ndoto ikavunjika mara moja. Risasi na bati alizozijaribu zilipoteza sifa hiyo mara zilipokutana na uga mdogo tu wa sumaku. Superkondakta ilionekana kuwa kitu cha ajabu kisicho na matumizi, na ikabaki hivyo kwa karibu miaka 50.

Aliyeifufua ndoto hiyo ni John Eugene Kunzler na wenzake wa Bell Labs, New Jersey, mwaka 1961. Walichukua mchanganyiko wa niobi na bati uliokuwa umegunduliwa hapo hapo Bell mwaka 1954 na kundi la Bernd Matthias. Mchanganyiko huo ni mgumu lakini ni mwepesi kuvunjika, na huwezi kuuvuta ukawa waya. Wao wakafanya ujanja. Walijaza unga wa niobi na unga wa bati ndani ya bomba la niobi, wakalivuta bomba likawa jembamba, wakalikunja wakati bado linakunjika, kisha ndipo wakalitia tanurini ili unga wa ndani uungane. Waya ulipopimwa ndani ya uga wa tesla 8.8, ulibeba zaidi ya ampea 100,000 kwa kila sentimita moja ya mraba. Mpaka leo koili kubwa za niobi na bati hufanywa kwa kanuni hiyo hiyo: kunja kwanza, choma baadaye. Ukichoma kwanza, umekwisha.

Hapa inabidi tutue kidogo tutazame ndani ya waya, kwa maana kila kitu kinachofuata kinaamuliwa mle. Mwaka 1957, Mrusi Alexei Abrikosov alieleza kwamba superkondakta za aina fulani haziukatai uga wa sumaku moja kwa moja. Huuruhusu upenye kwa vimbunga vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na mkondo wa umeme unaokizunguka. Ukipitisha umeme mkubwa kwenye waya, vimbunga hivyo husukumwa. Vikisogea, joto huzaliwa na ukinzani hurudi. Visiposogea, umeme hupita bure. Na kinachovizuia visisogee ni kasoro: atomi iliyokosewa mahali, mpaka kati ya fuwele na fuwele, chembe ngeni iliyonasa ndani. Kasoro hizo ni vishikizo. Fuwele safi isiyo na doa ni dhaifu kuliko iliyochafuka, na fundi wa nyaya hizi hutafuta uchafu wa kiasi chake na wa mahali pake.

Niobi yenyewe, kwa kupita tu, si ngeni kwetu. Sehemu kubwa sana ya niobi ya dunia hutoka Brazili, lakini imo pia Panda Hill karibu na Mbeya, imo katika kilima cha Mrima kule Kwale, na imewahi kuchimbwa Lueshe, Kivu ya Kaskazini. Nimeona niitaje kwa sababu tumezoea kudhani mambo haya yote yanaanzia kwenye maabara za watu, tukasahau kwamba yanaanzia udongoni.

Sasa, ikiwa kasoro ndizo zinazoshika vimbunga, na nyutroni hupasua mpangilio wa atomi na kuacha kasoro nyuma yake, basi nyutroni ingeweza kuwa rafiki. Wazo hilo halikuchelewa. Mwaka 1966, Charles Bean na wenzake wa General Electric walieleza jinsi walivyochanganya ndani ya superkondakta kiasi kidogo cha vitu vinavyopasuka vikipigwa nyutroni. Kila kiini kilichopasuka kilirusha vipande vilivyochimba majeraha kwenye fuwele, na superkondakta ikabeba umeme mwingi kuliko awali. Nyutroni ikaonekana kama kifaa kimojawapo cha fundi.

Furaha hiyo ilipungua mwaka 1974. Katika maabara ya Brookhaven, kisiwani Long Island, watafiti Sweedler, Schweitzer na Webb waliweka michanganyiko ya niobi, pamoja na ile ya niobi na bati, ndani ya kinu chenye nyutroni nyingi, wakaiacha ipate dozi kubwa. Walipoipima, jotoridi la mpito, ambalo chini yake ukinzani hutoweka, lilikuwa limeporomoka hata chini ya nusu. Sababu ilikuwa katika mpangilio. Ndani ya fuwele ya niobi na bati, atomi za niobi hujipanga katika minyororo iliyonyooka, na minyororo hiyo ndiyo roho ya waya. Nyutroni inapopita, hugonga atomi moja, nayo ikagonga nyingine, na katika purukushani hiyo bati hukalia kiti cha niobi na niobi hukalia kiti cha bati. Waliporudisha vipande tanurini, mpangilio ulirudi na sifa zikarudi. Lakini nani atarudisha tanurini koili yenye urefu wa jengo la ghorofa?

Ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na ni kazi ambayo sijaona ikisifiwa inavyostahili. Ilibidi kujua dozi kwa dozi: waya huanza kunufaika wapi, hufika kilele wapi, huanguka wapi. Na palikuwa na shaka nyingine. Nyutroni za myeyungano zina nishati ya elektronivolti milioni 14, kubwa mara nyingi kuliko nyutroni za kawaida za vinu vya kupasua urani. Je, vipimo vya Vienna au Brookhaven vina maana yoyote kwa kinu cha myeyungano? Jibu lilitafutwa Livermore, California, kwenye mtambo ulioitwa RTNS-II, uliotoa nyutroni zenye nishati ile ile hasa. Nyaya zilipigwa zikiwa zimepoozwa na heli ya maji, kama zitakavyokuwa kazini. Ikaonekana kwamba tofauti inaweza kuhesabiwa: ukijua kila nyutroni imeacha nishati kiasi gani ya kuharibu fuwele, unaweza kulinganisha kinu kimoja na kingine. Tangu hapo bwawa la Vienna, ambako Harald Weber aliongoza utafiti wa superkondakta kwa miaka mingi, likawa na kauli katika jambo hili.

Picha iliyopatikana ni hii. Waya wa niobi na bati, ukianza kupigwa, huimarika. Kasoro mpya hushika vimbunga, na vurugu ndogo katika minyororo huufanya ustahimili uga mkali zaidi. Mkondo unaoweza kubebwa huongezeka. Kisha vurugu huzidi, jotoridi la mpito hushuka, na mkondo hushuka pamoja nalo. Kilele hicho kiko karibu kiasi gani hutegemea namna waya ulivyotengenezwa. Shaba inayofungwa pamoja na waya ili kuuokoa ukipata hitilafu nayo huumia, kwa maana ukinzani wake katika baridi hupanda. Lakini shaba ina heri yake: ukiiacha koili ipate joto la kawaida la chumba, sehemu kubwa ya jeraha hupona. Niobi na bati haina bahati hiyo.

Wahandisi wa ITER, mtambo mkubwa wa kimataifa unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, walichora mpaka wao kwa kutumia vipimo hivyo. Koili zake kubwa ni 18, kila moja ikiwa na kimo cha mita 17, na uga wa juu kabisa unaozifikia ni tesla 11.8. Koili hizo peke yake zimetumia nyuzi za niobi na bati zenye urefu wa kilomita 100,000 hivi, wakati kabla ya mradi huo viwanda vyote vya dunia vilikuwa vikitengeneza tani 15 tu za waya huo kwa mwaka. Ilibidi wapandishe hadi tani 100. Ngao ilipimwa ili kwa maisha yote ya mtambo kila mita moja ya mraba ya koili isipokee nyutroni za kasi zaidi ya 1 ikifuatwa na sifuri 22. Brookhaven walikuwa wameona maporomoko kwenye dozi zilizo mara kumi ya hiyo na kuendelea. Kwa dozi ya ITER, waya wa niobi na bati bado uko upande wa kunufaika.

Kwa hiyo waya ungesalimika. Kilichotishia kufa kwanza ni gundi.

Ndani ya koili, kila mzunguko wa waya hutengwa na mwenzake kwa kihami cha kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Vienna walikata vibao vidogo vya kihami hicho, wakavitia nyutroni hadi dozi ya ITER, kisha wakavivunja vikiwa ndani ya baridi ya naitrojeni ya maji, kwenye Kelvini 77, na kuandika nguvu iliyohitajika. Epoksi za kawaida zilikuwa zimelegea vibaya. Tabaka zilichanana, gesi ikatoka ndani na kuvimbisha kibao. Hata kioo kilikuwa na hatia. Kioo cha kawaida cha viwandani kina boroni, na boroni hupenda sana kumeza nyutroni. Ikimeza hupasuka na kuacha heli papo hapo, kwenye mshono wa kioo na gundi. Ikabidi kutumia kioo kisicho na boroni. Kwa upande wa gundi, walijaribu aina iitwayo sianati esta, iliyostahimili vizuri ajabu lakini yenye bei kali. Wakaendelea kupunguza, kuchanganya na kuvunja vibao, mpaka wakathibitisha kwamba mchanganyiko wenye sianati esta asilimia 40 na epoksi asilimia 60 unatosha. Mchanganyiko huo ndio uliomiminwa ndani ya koili za ITER. Mtu akiniuliza nani ameokoa sumaku hizo, siwezi kuwaacha nje waliokuwa wakivunja vibao vya sentimita chache huku wakijaza madaftari.

Wakati hayo yakiendelea, mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller wa IBM karibu na Zürich waligundua kauri ya shaba na oksijeni iliyokuwa superkondakta kwenye jotoridi ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka uliofuata Paul Chu wa Houston na Maw-Kuen Wu wa Alabama wakaleta kauri ya itri, bari na shaba, iliyofikia Kelvini 93. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kuigeuza kauri hiyo kuwa waya, na hata hivyo si waya kwa umbo. Ni utepe. Chini kuna chuma chembamba kuliko karatasi nzito, juu yake tabaka za kupanga fuwele zielekee upande mmoja, kisha kauri yenyewe yenye unene wa mikroni moja au mbili, halafu fedha, na shaba ya kufunika. Chembe zake zisipolingana mwelekeo, umeme hugoma kwenye mipaka. Ufundi wote uko kwenye kuzipanga.

Kauri hii ina faida kubwa: hubeba umeme mwingi hata ndani ya uga wa tesla 20, kwenye Kelvini 20. Na katika mitambo ya myeyungano, uga ukiongezwa mara mbili, nguvu inayotoka katika ujazo ule ule huweza kuongezeka mara 16. Mtambo unaweza kuwa mdogo. Tarehe 5 Septemba 2021, MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walifikisha tesla 20 kwa koili iliyotumia utepe wenye urefu wa karibu kilomita 270. Lakini mtambo ukiwa mdogo, nafasi ya ngao nayo hupungua. Koili husogea karibu na moto, na dozi ya nyutroni hupanda. Swali la mwaka 1974 likarudi upya, safari hii likiulizwa kwa kauri.

Watengenezaji wa tepe walikuwa wameshajifunza kwa nyutroni. Mwaka 1991 watafiti wa IBM walirusha viini vizito kwenye fuwele za kauri hiyo, vikatoboa mifereji iliyonyooka, na vimbunga vikakamatwa humo. Roy Weinstein wa Houston akarudia kwa kauri mpya, akitumia urani, lile wazo la miaka ya 1960 la vitu vinavyopasuka. Hakuna kiwanda, hata hivyo, kitakachopitisha kila kilomita ya utepe mbele ya mtambo wa kurusha viini. Mwaka 2004 Judith MacManus-Driscoll na wenzake wa Los Alamos walionyesha njia rahisi: changanya zirkoni kidogo wakati wa kuotesha kauri, nayo itajijengea yenyewe vichembe vya kigeni vinavyoshika vimbunga. Vishikizo vya kupandikizwa vikaenea viwandani, na mkondo ukapanda sana. Kile ambacho nyutroni ilikuwa ikikifanya kwa kupiga, fundi alikuwa amejifunza kukifanya wakati wa kupika.

Tepe hizo zilipofika Vienna, jibu liliwaudhi wengi. Chini ya nyutroni, tepe zisizo na vishikizo vya kupandikizwa zilipanda kwanza, zikafika kilele, kisha zikaanza kushuka. Zile zenye vishikizo vingi hazikuwa na mahali pa kupanda. Zilianza kushuka mapema. Ukifikiri, ni haki. Vimbunga vyake vilikuwa vimeshashikwa, na nyutroni haikuwa na zawadi ya kuleta, ila hasara tu: kasoro ndogo ndogo, hasa oksijeni iliyong'olewa mahali pake, zinazopunguza nguvu ya kauri. Kutoka hapo sifa ya utepe mpya dukani haikutosha tena kuwa sababu ya kuuchagua. Mnunuzi wa sumaku ya myeyungano analazimika kuuliza utepe huo utakuwaje baada ya miaka kumi ya kupigwa.

Palikuwa na jambo lingine la kutisha zaidi ndani ya matokeo hayo. Tepe za aina moja ziliharibika haraka kupita kiasi, nazo zilikuwa na gadolini badala ya itri. Gadolini humeza nyutroni za polepole kuliko karibu kitu kingine chochote katika maumbile. Kila atomi ikimeza moja, hutoa mwali wa gama, na kwa kutoa mwali hurudi nyuma kwa kishindo, kama bunduki inavyopiga bega la mwindaji, na kishindo hicho hutosha kuvuruga atomi za jirani. Watafiti wakafanya jambo dogo la kuthibitisha. Waliufunga utepe ndani ya karatasi nyembamba ya kadimi, ambayo huzuia nyutroni za polepole na kuacha za kasi zipite. Utepe uliofungwa ukapona maafa hayo. Ule wa jirani yake usiofungwa ukaharibika. Karatasi moja ya chuma ilitosha kumtenga mhalifu.

Koili ya 2021 ilitengenezwa kwa sehemu kubwa kwa tepe za itri. Kampuni ya SuperOx ya Urusi na Japani ilitoa zaidi ya kilomita 300 za utepe wa aina hiyo ndani ya miezi tisa, na vishikizo vyake vikuu ni vichembe vya oksidi ya itri vinavyojitokeza vyenyewe ndani ya kauri. Ndani ya utepe huo hakuna gadolini ya kumeza nyutroni.

Hofu moja zaidi ilizuka karibuni na ikachunguzwa haraka. Vienna na kwingineko, utepe hupigwa kwanza, hupimwa baadaye. Sumaku haitapata nafasi hiyo ya kupumzika. MIT waliupoza utepe, wakapitisha umeme ndani yake, na wakati huo huo wakaurushia protoni. Mkondo ulishuka mara mwali ulipowashwa, ukapanda mwali ulipozimwa. Kama ingekuwa kweli kwamba mnururisho wenyewe unazima superkondakta papo kwa papo, michoro mingi ya mitambo ingelazimika kuchorwa upya. Wakafuatilia jotoridi la utepe kwa makini, na ikadhihirika kwamba mwali ulikuwa ukiupasha moto tu pale ulipopiga. Ukiliondoa joto hilo katika hesabu, athari inatoweka.

Kinachokosekana sasa ni nyutroni za kweli kwa wingi wa kweli. RTNS-II ilifungwa miaka ya 1980, na tangu hapo dunia haijawa na chanzo cha nyutroni za myeyungano chenye uwezo wa kutoa dozi za kinu halisi. Chanzo kipya, IFMIF-DONES, kinajengwa Escúzar karibu na Granada, Hispania, hasa kwa ajili ya vyuma vya ndani ya kinu. Mpaka kitakapowaka, wachoraji wa mitambo wanategemea vipimo vya vinu vya kupasua urani, na tofauti kati ya nyutroni za aina mbili wanaifunika kwa unene wa ngao. Kila sentimita ya ngao wanayoiongeza huisogeza koili mbali na moto, hukuza mtambo na kupandisha gharama. Kila sentimita wanayothubutu kuipunguza lazima itolewe ushahidi na waya uliokwisha kupigwa na kupimwa.